Simu ni Nini Mbele ya Sheria?

Neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake waya, lilitumika kwanza kwa telegrafu, ambayo waya wake wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Kilipokuja chombo cha kusemea, Waswahili walikiita simu vilevile.

Uingereza jambo hilo lilizua kesi. Sheria ya mwaka 1869 iliipa Posta peke yake haki ya kupeleka telegrafu kwa malipo. Kampuni ya Edison ilidai kuwa telefoni haimo, kwani sheria ilitungwa kabla haijavumbuliwa. Disemba 1880 mahakama ya London iliamua kuwa telefoni nayo ni telegrafu. Kampuni zikalazimika kuchukua leseni na kulipa asilimia 10 ya mapato. Uamuzi huo ulikuwa mzito, lakini hoja yake ni sahihi: hutazamwa kazi ya chombo, si umbo lake.

Kwetu, posta na simu ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 16 ya Katiba hiyo inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Kwa hiyo mtumishi ambaye ujumbe wa mtu umepita mikononi mwake, uwe wa karatasi au wa simu ya mkononi, haruhusiwi kuutoa kwa mwingine ila kwa idhini ya sheria.