Kunoa Kisu cha Randa kwa Kishikizo
Kijitabu cha mafundi seremala, wanagenzi na walimu wa karakana

Karakana nyingi zina randa nzuri ambazo hazifanyi kazi yake. Kisu kimekuwa butu, fundi anasukuma kwa nguvu zote za mabega, na mbao ya mninga inachanika pale nyuzi zake zinapogeuka. Baada ya hapo msasa unaitwa kuficha majeraha. Msasa unakula fedha, na vumbi lake linaingia kifuani mwa fundi na mwa kijana anayemsaidia. Kisu kikali huondoa sehemu kubwa ya adha hiyo.

Kwa nini kisu kinanolewa na bado hakikati

Mara nyingi lawama si ya chuma wala ya kinoo. Ni mkono unaoinuka na kushuka bila mwenyewe kujua. Kila unapoinuka, mteremko wa makali unazidi kuwa wa mviringo na ncha inazidi kuwa nene. Katika randa ya kawaida ya chuma, kisu kimelazwa kwa digrii 45, mteremko ukitazama chini. Ncha iliyonenepa hadi kukaribia digrii hizo haiwezi kukata tena: kisigino cha mteremko kinasugua mbao kabla makali hayajaigusa. Fundi hudhani kisu ni butu, akakinoa zaidi kwa mkono uleule, na hali ikawa mbaya zaidi.

Kishikizo cha kunolea kinamaliza tatizo hilo. Ni kifaa kidogo chenye taya mbili, skrubu moja na gurudumu chini yake. Taya hubana kisu ubavuni, gurudumu hutembea juu ya jiwe, na pembe haibadiliki. Wapo mafundi wakongwe wanaonoa vizuri kwa mkono mtupu, na tunawaheshimu. Lakini mwanagenzi hana haja ya kusubiri mkono ukomae ndipo aonje makali ya kweli.

Kipimo ndicho siri ya kazi

Pembe inategemea urefu wa kisu kinachojitokeza mbele ya kishikizo. Kwa vishikizo vya aina hii vinavyopatikana kwa wingi, kisu cha randa kikijitokeza milimita 50 hutoa digrii 25, na milimita 38 hutoa digrii 30. Patasi hukaa kwenye mfereji wa chini zaidi, kwa hiyo vipimo vyake ni milimita 40 na 30. Usipime kwa rula kila siku. Chukua kipande cha mbao, pigilia vijiti viwili, kimoja milimita 50 na kingine milimita 38 kutoka ukingoni. Egemeza kishikizo kwenye ukingo, sukuma kisu mpaka kiguse kijiti, kisha kaza skrubu. Hakikisha kisu kimenyooka, la sivyo makali yatakwenda upande.

Kama huna kinoo kizuri, msasa wa maji unatosha. Ulaze juu ya kioo kinene kilicho bapa, maji yataushikilia. Juu ya msasa, nolea kwa kuvuta nyuma tu, maana ukisukuma mbele makali yataukata. Kwenye jiwe la mafuta, matone machache ya mafuta ya cherehani yanafaa.

Kisu kipya kianze kwa upande wake bapa. Kilaze chote juu ya jiwe, usugue sehemu iliyo karibu na makali mpaka ing'ae sawasawa. Kazi hii inachosha lakini hufanywa mara moja tu. Kisha funga kishikizo kwa milimita 50 na unoe kwa msasa au jiwe la namba 220 au 400. Endelea mpaka upapase upande wa pili, ukielekeza kidole kutoka kwenye chuma kwenda nje, na usikie ukingo mwembamba uliojikunja toka kona hadi kona. Usipousikia popote, hapo bado hujafika. Wengi huachia hapa mapema, na hakuna msasa laini utakaowaokoa.

Sasa hamia milimita 38, namba 1000 kisha 2000. Mivuto michache inatosha. Utaona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ncha. Bonyeza kidogo zaidi kwenye kona moja, halafu nyingine, ili kona zisiache michirizi kwenye mbao. Toa kisu kwenye kishikizo, kilaze bapa, ondoa ule ukingo uliojikunja.

Usijaribu makali kwa kupitisha kidole juu yake. Kata kichwa cha kipande cha paina: makali mazuri huacha uso laini unaong'aa.

Grenda itumike pale tu makali yamemeguka. Chovya kisu kwenye maji mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimepoteza ugumu, na sehemu hiyo lazima isagwe iishe.

Mbao za mvule humaliza makali haraka, kwa kuwa ndani yake huweza kuwa na madonge magumu ya chokaa. Maranda yakianza kutoka kama unga, rudi kwenye jiwe kwa digrii 30 peke yake. Kila unoaji hupanua ule mstari unaong'aa. Ukifika nusu ya mteremko, anza tena na milimita 50.