Mwongozo wa Kupima Mapigo ya Volteji katika Saketi za Kikwanta

Mwongozo huu ni wa mafundi na watafiti wanaotuma elektroni mojamoja kwenye saketi za nusukipitishi zilizopoozwa hadi karibu na sifuri kamili. Msingi wa kazi hiyo ni hesabu ya Leonid Levitov na wenzake ya mwaka 1996: pigo la volteji lenye umbo la Lorentz, likibeba chaji kamili, husukuma elektroni bila kuacha mashimo nyuma yake. Mwaka 2013 kundi la Christian Glattli huko Saclay, Ufaransa, lilithibitisha jambo hilo kwa majaribio.

Anza na eneo lililo chini ya pigo. Kwa elektroni moja linapaswa kuwa volti-sekunde 4.136 × 10⁻¹⁵, yaani wastani wa mikrovolti 41 kwa pikosekunde 100. Kipimo hicho kihesabiwe pale pigo linapoingia kwenye sampuli. Kinachoonekana kwenye jenereta hakitoshi, kwa sababu nyaya na vipunguza nguvu hula masafa ya juu na kuliharibu umbo.

Joto nalo lina mipaka yake. Gigahezi 1 ni sawa na milikelvini 48 hivi. Mapigo ya gigahezi 5 hudai elektroni zilizo chini sana ya milikelvini 240. Usitegemee kipimajoto cha friji, maana elektroni mara nyingi huwa na joto zaidi. Soma joto lao kwenye kelele ya mkondo.

Upotovu mkubwa huja wakati wa kutafsiri kelele hiyo. Elektroni mbili zikifika pamoja kwenye mwanya, yaani sehemu nyembamba ya saketi inayopitisha baadhi ya elektroni na kurudisha nyingine, kila moja kutoka upande wake, haziwezi kushika njia moja, hivyo kelele hushuka. Wengi huuchukua mshuko huo kuwa ushahidi kwamba chanzo ni safi. Sivyo. Pigo lilelile likitumwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, hakuna tofauti ya volteji inayobaki kati yake, na kelele ya ziada hutoweka hata kwa wimbi la sini lililozalisha mashimo tele. Mshuko unathibitisha tu kwamba pande mbili zinalingana.

Usafi hupimwa kwa chanzo kimoja. Zima cha pili, pima kelele, kisha ondoa ile inayoletwa na volteji tulivu yenye mkondo uleule wa wastani. Pandisha kimo cha pigo kidogokidogo: umbo likiwa sahihi na baridi ikitosha, ziada hukaribia sifuri chaji inapofika 1, na tena 2.

Ripoti ya mshuko isiyoambatishwa na mchoro huu wa chanzo kimoja pamoja na joto la elektroni isipokelewe.