Mpangaji ameghairi kabla ya kuhamia: amana ni ya nani?

Swali: Napangisha nyumba Nakuru. Mpangaji alilipa amana ya Sh15,000, lakini sasa ameghairi kabla ya kuhamia na anadai pesa zote. Nirudishe?

Jibu: Anza na mkataba au risiti: je, mlikubaliana lolote kuhusu kughairi? Kama hamkukubaliana, amana ni dhamana, si faida yako. Kata hasara unayoweza kuithibitisha, kama vile kodi ya siku ambazo nyumba ilikaa tupu kwa sababu yake, kisha mrudishie salio. Tafuta mpangaji mwingine mara moja. Huwezi kukaa tu ukihesabu hasara. Mwandikie aliyeghairi hesabu yako na urejeshe salio kwa M-Pesa ili ushahidi ubaki. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni.