Karatasi za Nchi Mbili

Pale Msamvu, mjini Morogoro, barabara ya Iringa na ya Dodoma hukutana, zikawa njia moja kwenda Dar es Salaam. Bidhaa za bandarini ziendazo bara hupita hapo, na karatasi zimo, hata zile laini za kupangusia mikono. Mbona nchi zenye misitu hununua karatasi ng'ambo?

Zitazameni nchi mbili jirani. Kenya ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Webuye, karibu na mto Nzoia. Mwaka 2009 kilisimama. Watu wengi wakakosa kazi, na karatasi ikazidi kutoka ng'ambo. Tanzania ina kiwanda cha Mgololo, wilaya ya Mufindi, kilichoanza kazi miaka ya 1980, karibu na misindano ya Sao Hill. Lakini hasa hutengeneza karatasi ngumu ya kaki, ifaayo mifuko, si kupangusia uso.

Basi mti peke yake si karatasi. Hukatwa vipande, hupikwa kwa dawa hata nyuzi zake ziachane, huoshwa, hutandazwa, hukaushwa. Kazi hiyo yataka maji mengi, moto na mafundi. Mwenye mahindi asiye na kinu atanunua unga kwa jirani.