Usimfukuze Mkwepaji, Mzibie Njia

Nilicheza ngumi za kwenda mbele, na vijana wengi ninaowafundisha sasa hapa Dar es Salaam wanacheza hivyohivyo. Swali wanaloniuliza kuliko yote ni hili: mwalimu, nifanyeje nikikutana na yule anayerudi nyuma, anakwepa, halafu ananipiga nikishakosa? Wengi wameambiwa kwamba kushambulia ni kusonga mbele na kurusha makonde mengi. Mpinzani wa aina hii anakuombea ufanye hivyohivyo, kwa sababu anaishi kwa makonde yako. Hana haja ya kukutafuta. Anakaa, anavizia, na kila unaporusha ngumi bila mpango unamwonyesha pa kupiga.

Anza na miguu. Ulingo wa ngumi za ridhaa una mita 6.1 kila upande ndani ya kamba. Kwa anayemfuata mtu nyayo kwa nyayo ni uwanja mpana, atazungushwa raundi zote tatu. Anayejua kuziba njia anaumaliza kwa hatua chache. Mpinzani akienda upande wako wa kushoto, usigeuke kumfuata. Peleka mguu wa kushoto pembeni kwanza, wa kulia uufuate, upana wa miguu ubaki uleule, wala usiipishanishe hata mara moja. Akienda kulia, mguu wa kulia ndio utangulie. Hatua ziwe fupi na kifua chako kitazamane na kifua chake muda wote. Hapo hujapiga kitu bado. Unamnyima katikati ya ulingo tu, mpaka kamba zimguse mgongo.

Ngumi ya kwanza itoke upande anaoukimbilia. Akitoroka kuelekea kushoto kwako, akutane na konde la kushoto la kuzungusha. Akitoroka kulia, akutane na la kulia, tena la mbavu. Anaiendea mwenyewe, kwa hiyo mwendo wake unaongeza nguvu ya ngumi yako. Ukipiga upande alikotoka, unapiga hewa na unabaki wazi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina ngumi hata moja. Vijana wawili wanaingia ulingoni, mikono nyuma. Mmoja anatoroka, mwenzake anatakiwa amfikishe kwenye kona na kumzuia pale kwa kifua mpaka nihesabu tatu. Dakika tatu, kisha wanabadilishana. Raundi ya kwanza yule anayekaba anakimbia kama anayefukuza kuku, anahema, hapati kitu. Namsimamisha, namwonyesha hatua moja ya pembeni, tunaendelea. Siku anapoacha kukimbia na kuanza kutembea, hapo ndipo anaanza kuwa bondia.

Sasa mikono. Mtu anayepiga kwa kujibu lazima apewe swali, kwa hiyo mpe swali la uongo. Tikisa bega la kushoto, kanyaga kidogo kwa mguu wa mbele, jebu isitoke. Angalia anafanya nini. Wako wanaovuta kichwa nyuma, wako wanaoinama kulia, na wako wanaorusha mkono wa kulia papo hapo juu ya jebu yako. Kila mmoja ana tabia yake na haiachi kirahisi. Rudia tena uone kama ni ileile. Ukishaijua, ngumi ya kweli ipeleke pale atakapokuwa, si pale alipo. Anayevuta kichwa nyuma, mpige jebu ya kifua, maana kichwa kinarudi lakini kiwiliwili kinabaki. Anayejibu haraka kwa kulia, mdanganye airushe, izuie, kisha mjibu wewe kabla mkono haujarudi nyumbani. Raundi ya kwanza yote unaweza kuitumia kwa kazi hii, na jukwaa likipiga kelele kwamba hupigi, waache.

Pambano ninalowaonyesha vijana kwa jambo hili ni la Joe Frazier na Muhammad Ali, Machi 8, 1971, Madison Square Garden, New York. Wote wawili walikuwa hawajapoteza pambano. Ali alikuwa mrefu zaidi, mikono mirefu, miguu myepesi, na alizoea kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma. Frazier alikuwa na konde la kushoto na pumzi. Eddie Futch, aliyekuwa upande wa Frazier pamoja na mwalimu wake Yank Durham, alikuwa ameona kasoro moja: Ali akitaka kupiga apakati ya kulia, mkono wake unashuka kwanza. Maagizo yakawa Frazier akae chini, ili Ali ashawishike kuipiga apakati hiyo, na mkono wa kulia ukishuka tu, konde la kushoto litoke. Frazier alifanya kazi hiyo usiku kucha, kichwa kikienda huku na huku, makonde mengi akiyapeleka mwilini. Raundi ya 11 Ali aliyumba. Raundi ya 15 aliangushwa chali kwa kushoto, akainuka, akamaliza pambano, akashindwa kwa uamuzi wa pamoja. Tazama vizuri: aliyekuwa anashambulia ndiye aliyemvizia mviziaji.

Kuhusu mwili siwezi kusisitiza vya kutosha. Kichwa cha mkwepaji ni kidogo na hakitulii. Mbavu, tumbo na mabega haviwezi kukwepa hivyo. Konde la kushoto chini ya mbavu zake za kulia, kwenye ini, linaondoa miguu taratibu, na akikosa miguu hana tena kitu cha kukutesa. Akijifunika kwa mikono, piga mikono. Rocky Marciano mwaka 1953 alipambana na Roland LaStarza, fundi wa kujikinga. Alimtwanga mikono na mabega raundi baada ya raundi, na raundi ya 11 mwamuzi akasimamisha pambano. Ila upime na muda ulionao. Katika ngumi za ridhaa zenye raundi tatu, konde la mwili la raundi ya kwanza linaweza lisipate nafasi ya kukulipa, kwa hiyo changanya na la juu mapema ili majaji waone. Katika ngumi za kulipwa za raundi 10 au 12, weka akiba huko chini tangu kengele ya kwanza.

Hatari kubwa ni kuingia kwa mstari ulionyooka huku kichwa kimetulia. Desemba 8, 2012, Las Vegas, Manny Pacquiao alikuwa mbele kwa pointi na Juan Manuel Márquez alikuwa anavuja damu puani. Sekunde za mwisho za raundi ya 6 Pacquiao akaingia nyuma ya jebu. Márquez akamkuta na mkono wa kulia, naye akaanguka kifudifudi, asiinuke kuhesabiwa. Ukiingia, kichwa kitoke kwenye mstari kabla ya miguu kufika. Funga kamba mbili ukumbini, kimo cha mabega, upite chini yake huku ukipiga, kila siku, mpaka mwili uzoee bila kufikiri.

Ukishafika karibu, atakukumbatia ili mwamuzi awatenganishe na apate pumzi. Mikono yako iwe ndani, mkono ulio huru uendelee kufanya kazi, kichwa chako kikae chini ya kidevu chake. Marcos Maidana alimsumbua Floyd Mayweather hivyo Mei 3, 2014. Alimbana kwenye kamba, akamrushia makonde ya kulia ya kutokea juu, na jaji mmoja akatoa sare ingawa wawili walimpa Mayweather. Waliporudiana Septemba mwaka huohuo, Mayweather hakukaa kwenye kamba muda mrefu, alikumbatia zaidi, akashinda kwa majaji wote. Roberto Durán naye alimbana Sugar Ray Leonard huko Montreal Juni 1980 na kushinda. Novemba, New Orleans, Leonard alitumia miguu mpaka Durán akaacha mwenyewe katika raundi ya 8. Mkwepaji mwerevu hanaswi mara mbili kwa mtego uleule, kwa hiyo mkirudiana, njoo na kitu kingine.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo. Kabla kijana hajagusa begi, mpeni raundi mbili za miguu bila ngumi, na mwenzake wa mazoezi awe yule mwembamba anayekwepa, ambaye kila mtu hapa ukumbini anamkimbia. Huyo ndiye atakayemfundisha kazi.