Kabla Hujaipeleka kwa Fundi: Somo la Kuitibu Kompyuta Yako Nyumbani



Ndugu yangu msomaji, katika mwaka wangu wa mwisho wa chuo, zikiwa zimebaki siku 12 nikabidhi andiko la kumaliza masomo, laptopu yangu iligoma. Jioni ile umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Niliporudi kutoka swala ya isha nilibonyeza kitufe: taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Kurasa 96 zilikuwa humo ndani. Nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Bujumbura. Akaibonyeza mara mbili, akaniambia mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Akataja bei iliyolingana na matumizi yangu ya miezi mitatu. Nilirudi bwenini miguu ikiwa mizito. Kaka mmoja aliyekuwa akisoma uhandisi akaniuliza swali moja tu: "Umechomoa nini mpaka sasa?" Nikamjibu kwamba sijachomoa kitu. Akachomoa chaja, akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kukiachia. Kisha akafungua mfuniko wa chini, akatoa kipande cha RAM, akasugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, akakirudisha mpaka kikalia vizuri. Akawasha. Kioo kikajaa mwanga.

Sitaki kumsema vibaya yule fundi. Huenda alikuwa na haraka. Ninachosema ni kwamba mengi yanayotupeleka kwa mafundi tungeweza kuyapima wenyewe nyumbani. Ndilo somo la leo.

KANUNI TATU KABLA YA KUGUSA KITU

Kwanza, okoa kazi yako kabla ya kuokoa mashine. Mashine hununuliwa, lakini andiko la mwaka mzima haliuzwi dukani. Ikiwa kompyuta bado inawaka kwa taabu, jambo la kwanza ni kunakili mafaili, matengenezo yaje baadaye.

Pili, anza na la nje na lililo rahisi: soketi, plagi, kebo, chaja. Ndipo uingie ndani.

Tatu, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha upime. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikiugua tena utaanza upya.

1. HAIWAKI KABISA

Jaribu soketi nyingine ambayo una hakika inafanya kazi, hata kwa kuchomeka chaja ya simu. Kisha azima chaja ya mwenzako ya aina ileile, yenye volti zilezile. Chaja nyingi hufia kwenye shingo ya waya, pale unapokunjwa kila siku. Ikiwa taa ya kuchaji huwaka unapoushika waya kwa namna fulani na kuzimika unapouachia, ugonjwa ni waya au tundu la chaja.

Bado haijawaka? Fanya kama alivyofanya yule kaka: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe sekunde 30. Umeme uliobaki ndani huisha na mashine huanza upya. Rudisha chaja peke yake bila betri, uwashe.

Kwa kompyuta ya mezani, tazama nyuma kwenye kisanduku cha umeme. Pana swichi ndogo ambayo mara nyingi huzimwa na mfagiaji bila kujua. Baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi nyingine yenye namba 115 na 230. Hapa kwetu lazima iwe 230. Ikiwa 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, kisanduku huungua papo hapo. Na kisanduku hicho usikifungue hata siku moja. Ndani hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

2. INAWAKA, LAKINI KIOO NI CHEUSI

Hapa tulia, maana si lazima mazabodi iwe imekufa. Chukua tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa pembeni. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Kisha unganisha laptopu na skrini nyingine au televisheni kwa kebo. Picha ikitokea huko, mashine ni nzima, na mgonjwa ni kioo au kebo yake. Isipotokea kokote, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Sikiliza pia: mashine nyingi hulia "piip" kwa hesabu maalumu, na hesabu hiyo imeelezwa katika kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji.

Kabla ya kugusa RAM, toa umeme wote, betri ikiwemo. Ikiwa betri iko ndani, ichomoe mara tu unapofungua mfuniko. Gusa chuma ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kama vipande ni viwili, jaribu kimoja kimoja. Jua pia kwamba laptopu nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao, hizo hazitolewi.

Kwa kompyuta ya mezani angalia kwanza kebo ya skrini imechomekwa wapi. Ikiwa mashine ina kadi ya picha ya pembeni, kebo huchomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la mazabodi. Nimewahi kumsaidia dada mmoja aliyekaa wiki nzima bila kompyuta kwa sababu hiyo tu.

3. INAPATA MOTO NA KUJIZIMA

Kichakataji kikikaribia nyuzi joto 100 hivi, mashine hujipunguzia mwendo, na ikizidi hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kujizima huko ni kinga. Sababu kubwa ni mbili: vumbi, na godoro. Sisi wa bwenini tunasomea kitandani, godoro linaziba matundu ya hewa ya chini. Weka ubao mgumu au hata kitabu kipana chini ya laptopu, ukiacha matundu wazi. Mara moja kwa muhula, mashine ikiwa imezimwa, fungua na ondoa vumbi kwa brashi laini. Ukipuliza hewa, zuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo, usije ukaiharibu.

4. INAKATAA NENO LA SIRI, AU INTANETI INAKATAA KUFUNGUKA

Hili ni letu hasa sisi wa Burundi, tunaochanganya laptopu za Ulaya zenye kibodi ya Kifaransa na zile za Dubai zenye kibodi ya Kiingereza. Mashine ikijiweka katika Kiingereza huku kibodi ni ya Kifaransa, A hugeuka Q, Z hugeuka W, na M huhama mahali pake. Unaandika neno lako sawasawa, mashine inakataa, unadhani umelisahau. Tazama pembe ya chini kulia: imeandikwa FRA au ENG? Shika kitufe cha Windows na ubonyeze nafasi ili kubadilisha.

Na intaneti ikikwambia kila tovuti si salama, tazama tarehe. Kompyuta ya zamani iliyorudi nyuma miaka kadhaa huona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa si halali. Sahihisha tarehe. Ikirudi nyuma kila unapoizima, kabetri kadogo ka duara kwenye mazabodi kamekwisha. Kwa kompyuta za mezani huwa ni aina ya CR2032 ya volti 3, ambayo bei yake ni ndogo na kukabadilisha ni kazi ya dakika tano.

5. IMEKUWA NZITO

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona nani anakula nini. Ikiwa diski inasoma asilimia 100 muda wote na ni diski ya kuzunguka, kuiweka SSD kutaipa uhai mpya kuliko kununua laptopu nyingine iliyotumika. Ikiwa RAM ndiyo imejaa, punguza programu zinazojiwasha zenyewe mwanzoni, na funga zile kurasa 40 za kivinjari ulizozifungua tangu Jumatatu.

Kumbuka pia kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako haiwezi kupokea Windows 11, Linux ni bure, ni halali, na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani.

6. FLASHI IMEJAA NJIA ZA MKATO

Umetoka kuchapisha kazi nje ya chuo, unafungua flashi, mafolda yamegeuka alama zenye mshale mdogo. Usizibofye! Kila ukibofya unakiamsha kirusi kiingie kwenye mashine. Mafaili yako kwa kawaida yapo, yamefichwa tu. Hakikisha kinga ya virusi imesasishwa, chunguza flashi, kisha fungua dirisha la amri, yaani cmd, na uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatajitokeza. Yanakili kwingine, halafu safisha flashi yote.

7. DISKI INAYOGONGA

Hapa naomba unisome polepole. Baada ya laptopu yangu kupona nilijiona fundi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na diski ya nje yenye picha za marehemu mama yake, na hakuwa na nakala nyingine. Ikaanza kugonga: tak, tak, tak. Akanipa akisema, "Kaka, wewe unaelewa haya." Ukweli nilikuwa sielewi. Nikaiwasha na kuizima kwa usiku mbili, nikaiendeshea programu ya kurekebisha makosa ya diski. Siku ya tatu haikuonekana tena kwenye mashine yoyote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi, kaka," akaiweka kwenye sanduku lake la nguo.

Baadaye nilijifunza nilichokifanya. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna sahani na kichwa kinachosoma kikielea juu yake kwa umbali mdogo mno. Mlio ule mara nyingi ni kichwa kilichoharibika kinachoshindwa kusoma, na kila nilipoiwasha huenda nilikuwa nakwangua palepale zilipoandikwa picha. Kwa hiyo, diski ikigonga, izime na usiiwashe tena. Mtafute mtaalamu wa kuokoa data mwenye vifaa vyake, au iweke mpaka siku utakapompata. Ikiwa haigongi bali inasoma kwa kusuasua, nakili kwanza lile usiloweza kulipata tena, bila kurekebisha chochote.

Na ikiwa diski ni nzima ila Windows imekataa kufunguka, tengeneza flashi ya Ubuntu kwa kompyuta ya mwenzako (flashi ya GB 8 au zaidi), iwashie mashine yako, uchague kujaribu bila kusakinisha, kisha nakili mafaili yako. Tahadhari moja: laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hutafungua kitu. Uandike leo, kabla ya msiba.

8. MAHALI PA KUSIMAMA

Chai ikimwagika: zima papo hapo, chomoa kila kitu, geuza kifudifudi, usiiwashe ili "kuona kama ni nzima". Mchele hausaidii. Ifunguliwe, isafishwe na ikaushwe kwa siku kadhaa. Betri ikivimba na kuinua kibodi au kipanguso cha kidole, acha kuitumia, usiitoboe wala kuibonyeza. Inaweza kuwaka moto. Hapo muone fundi.

Na ukienda kwa fundi, toa kwanza mafaili ya siri, uliza bei kabla hajafungua, mwombe akurudishie kifaa alichokitoa. Nawe ukipewa mashine ya mwenzako utengeneze, picha na barua zilizomo ni amana. Usifungue usichoombwa, na usilolijua sema hulijui. Neno hilo moja lingeziokoa zile picha.

KAZI YA WIKI HII

Usisome kurasa nyingine kabla ya kufanya haya matatu. Moja, nakili kazi zako ziwe nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na moja ikae mbali na chumba chako, hata kwenye barua pepe. Mbili, andika ufunguo wa BitLocker kwenye daftari. Tatu, muulize mwenzako wa chumbani kama naye ana nakala. Mimi nilichelewa kumuuliza wangu.

Wabillahi tawfiq.