SOMO: KUTENGENEZA TUNDU DOGO KATIKA KITI CHA NGOZI CHA MOTOKARI

Somo hili tunalielekeza hasa kwa mashofere na kwa vijana wanaotafuta kazi ya mikono. Motokari nyingi zinazotufikia zimekwisha kutumika Ulaya ao Japani, na viti vyake vinakuja na alama za sigara, za funguo na za misumari.

Tundu la ukubwa wa punje ya haragwe watu wanalidharau. Lakini kila anayeketi anavuta ngozi, midomo ya tundu inapasuka zaidi, na sponji iliyo chini inaanza kutoka kama unga. Halafu fundi anapaswa kuvua kiti chote na kubadilisha kipande kizima, na mwenye motokari anamwuliza shofere: nani atalipa? Feza za chakula cha nyumba zinaenda hapo.

Ulizo: Tutajuaje kama kiti ni ngozi ya kweli?
Jibu: Tuchungulie ndani ya tundu. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi kama manyoya, zisizo na mpango. Simili inaonyesha kitambaa kilichofumwa, na juu yake plastiki. Mara nyingi sehemu ya kuketia ni ngozi, na pembeni ni simili, kwa hiyo tuchungulie pale penye tundu lenyewe. Wale wanaojaribu kwa moto wa kiberiti wanaongeza tundu la pili.

Ulizo: Kwa nini tusishone tu kwa sindano?
Jibu: Ngozi haifanani na kitambaa. Kila tundu la sindano linabaki, na uzi ukivutwa, ngozi inakatika kwa mstari kama karatasi ya tembre. Lakini kuna sababu kubwa kupita hiyo. Mtazame ubavu wa kiti, upande wa mlango. Mkiona kibandiko chenye neno AIRBAG ao SRS, ndani mna mfuko wa hewa ambao katika ajali unapaswa kufunguka mbele ya kufumba na kufumbua. Mshono wa pale umetengenezwa kusudi upasuke. Tukiufunga kwa uzi wa nguvu ao kwa gundi, mfuko unaweza kuchelewa ao kutokea mahali pasipofaa, na mtu akafa juu ya uzuri wa kiti. Pale tusiguse kabisa, tumwachie anayejua kazi hiyo. Vilevile viti vingine vya Ulaya vina nyaya za kupasha joto chini ya ngozi. Sindano ndefu inaweza kuzikata.

Sasa kazi yenyewe. Tupanguse kiti kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kikauke, kisha tupitishe alkoli kidogo kandokando ya tundu. Tusisugue sana, alkoli inaondoa rangi. Esanse ndiyo mbaya zaidi, na harufu yake inabaki. Nyuzi zinazochomoza tuzikate kwa makasi madogo. Kama ni sigara iliyochoma, tukwangue ile sehemu nyeusi na ngumu mpaka tufikie ngozi nzima, kwani gundi haishiki juu ya makaa.

Tukate kiraka cha kitambaa cha nguvu kisichovutika, kama jini la zamani. Kipite tundu kwa sentimita 1 kila upande, na pembe zake ziwe za mviringo ili zisijikunje. Tukiingize kwa pensi ya nyusi, tukitandaze kati ya ngozi na sponji. Hapa ndipo wengi wanakosa uvumilivu. Kiraka kikijikunja, mwenye kuketi atasikia kama jiwe chini yake. Heri kukitoa na kuanza tena.

Gundi iwe ile ya ngozi ao ya kitambaa, inayobaki laini ikikauka. Ile ya kachupa kadogo inayoshika mara moja inakuwa ngumu kama kioo, na siku mtu mnene anaketi inavunjika. Tuipake kwa kijiti cha meno juu ya kiraka na chini ya midomo ya ngozi, tusogeze midomo pasipo kuilazimisha, tupanguse inayozidi. Juu tuweke plastiki, kibao na tofali moja, mpaka kesho yake. Wakati wa mvua tuongeze masaa.

Shimo linalobaki tulijaze kwa dawa laini ya kujazia ngozi, tabaka jembamba, likauke, kisha jingine. Tabaka moja nene linanywea na kuacha kishimo. Mwisho tusugue polepole kwa karatasi ya msasa namba 600.

Ulizo: Je, tunaweza kupaka dawa ya viatu?
Jibu: Hapana. Inahamia kwenye nguo. Fikirini mama anayeenda ibadani na vazi jeupe! Tutafute rangi ya ngozi inayochanganywa na maji, tuijaribu kwanza mahali pasipoonekana, tungoje ikauke, maana ikikauka inabadilika. Kisha tuigonge-gonge kwa kipande cha sponji, mara nyingi na kidogo kidogo, na juu yake dawa ya kukinga isiyo na rangi.

Jicho la fundi bado litaona mahali palipotengenezwa. Anayeuza motokari amwambie mnunuzi. Na kijana atakayefanya kazi hii kwa malipo asikubali kila tundu: likipita sentimita 2, ao likiwa juu ya mshono, ao ngozi yote kandokando imekauka na kupasuka-pasuka, kiraka hakitadumu, hapo kunahitajika kipande kipya. Bei ipatanwe mbele ya kuanza.

Motokari ilale kivulini, mtu asiketi mpaka siku moja nzima ipite. Rangi iliyobaki tuifunge vizuri kwenye kikopo na kuandika juu yake ni ya motokari gani.